Wimbo wa Kumi na Mbili wa Marehemu Dhoruba

Ukitaka watu wakupende, kufa. Dhoruba alipokuwa hai, redio zilipiga nyimbo zake saa nane usiku, wakati wasikilizaji wote wamelala. Magazeti yalimwita mzee wa gitaa aliyeishiwa. Kampuni yetu ya muziki ilikuwa imeshamwandikia barua ya kumshukuru kwa ushirikiano wake, bado mhuri tu. Kisha asubuhi moja ya Jumatano moyo wake ukasimama akiwa anafunga kamba za viatu, umri miaka hamsini na mmoja, na kufikia adhuhuri alikuwa gwiji, nguzo na baba wa roki nchi nzima. Barua ikachanwa. Kufa kufaana, walisema wahenga, na sijui kama wahenga nao waliwahi kuajiriwa na kampuni ya muziki au walibahatisha.

Lakini mimi sikusimulii habari za Dhoruba. Wanaozisimulia wamejaa tele, wengine hata salamu yake hawakuwahi kuitikia. Nakusimulia habari za mjomba wangu, ndugu wa mama yangu tumbo moja, aliyekaa upande wa pili wa kioo kwa miaka kumi na minane na ambaye hakuna gazeti lililowahi kumwita hata jina baya.

Mjomba ni fundi wa sauti. Studio yetu iko ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani, na kuta zake zimebandikwa sponji na mazulia makuukuu ili kelele za barabarani zisiingie na za kwetu zisitoke. Mimi nakaa mapokezi, kwenye meza yenye simu mbili na daftari la wageni. Mjomba ndiye aliyenitafutia kazi hiyo, na nyumbani kwake ndiko ninakokaa, kwa hiyo mtu huyu namwona asubuhi akitafuta soksi na mchana akitafuta waya. Ni mwembamba, sweta moja, penseli sikioni. Ana ugonjwa wa kubandika karatasi za majina. Kila waya una jina, kila kipaza sauti kina jina, na nyumbani kopo la sukari limeandikwa SUKARI kwa herufi kubwa, kana kwamba kuna siku tuliwahi kutia chumvi kwenye chai.

Sasa elewa kwanza jinsi kazi yetu inavyokwenda. Wapiga vyombo hawawezi kurekodi wimbo wasioujua unaelekea wapi. Lazima mtu aimbe, vizuri au vibaya haidhuru, wamsikie masikioni wajue ubeti umeisha na kiitikio kinaingia. Sauti hiyo sisi tunaiita sauti ya kushikilia. Mwenye wimbo akija siku nyingine, anaimba kwa raha zake, na ile ya kushikilia inafutwa. Kwa kawaida mwimbaji hujishikilia mwenyewe. Lakini Dhoruba ukimwambia saa tatu asubuhi, anaingia saa kumi jioni na miwani ya jua, anauliza kwa nini watu wamenuna. Wapiga vyombo walipochoka kumsubiri, mjomba akakivuta kipaza sauti, akasema, "Haya, mimi nitashikilia, pigeni tukale."

Alishikilia miaka kumi na minane. Albamu saba, nyimbo themanini na nne. Mwaka wa kwanza aliimba kwa aibu, wa pili kwa mazoea, na kufikia wa tatu alikuwa anajua Dhoruba atavuta pumzi wapi na atanguruma wapi, kwa sababu bila hivyo mpiga ngoma angepotea. Themanini na nne zote aliziimba yeye kwanza, na zote akajifuta mwenyewe kwa kidole chake mwenyewe, maana fundi ni yeye.

Wimbo wa mwisho waliurekodi Jumanne. Dhoruba aliyaleta maneno kwenye karatasi, akamvumia mjomba tuni na kumwachia mlangoni bila hata kupanda ngazi, akasema Alhamisi atakuja kuimba. Siku hiyo mjomba alikuwa na jino. Gego la chini, upande wa kushoto, limevimba hadi shavu limependeza. Akaimba hivyo hivyo, taratibu, mdomo nusu, kikombe cha chai ya vuguvugu mkononi. Kabla ya ubeti wa mwisho alinyamaza kidogo kwa sababu ulimi uliligusa jino. Alhamisi Dhoruba hakufika, na mara hii hakuna aliyemlalamikia.

Tuna mkurugenzi, na mkurugenzi wetu aliletwa kutoka kampuni ya magodoro. Mtu wa manukato mengi na masikio ya pambo. Kabla maiti haijatoka chumba cha baridi aliita kikao. "Tunatoa albamu ya nyimbo bora," akasema. "Kumi na moja tunazo. Lakini hizo watu wanazo nyumbani. Nani atanunua godoro alilokwisha kulilalia? Nataka wa kumi na mbili, ambao haujawahi kusikika."

Nikauliza, kwa upole wangu wote, marehemu atatoa wapi wimbo mpya.

"Tafuteni kwenye mashine," akasema. "Hawa wasanii wanaacha vitu."

Siku mbili hizo mjomba alikuwa msibani, anapanga viti na kuwaelekeza waombolezaji vyoo viko wapi. Nilitaka kumpigia simu yeye fundi, mkurugenzi akasema asisumbuliwe, yuko kwenye uchungu. Akaja kijana wa kompyuta kutoka makao makuu, akafungua mashine, akaukuta wimbo una jina, una tarehe, una sauti ya mwanamume. Wakausikiliza. Wakakumbatiana. Na hapa ndipo mtu mwenye ugonjwa wa kubandika majina alipotuponza. Maana mjomba ameandika jina juu ya kila kitu duniani isipokuwa sauti yake mwenyewe. Hakuwahi kuona haja. Kitu ambacho kesho kinafutwa unakiandikia nini?

Albamu ilitoka baada ya mwezi na nusu. Jalada jeusi, picha ya Dhoruba akiwa mwembamba wa miaka ishirini iliyopita, na maandishi ya dhahabu. Asubuhi hiyo redio ya mapokezi ilikuwa imewashwa, mjomba ndiyo kwanza anapandisha ngazi na kopo lake la chakula. Wimbo wa kumi na mbili ukaanza. Nilimtazama, akanitazama. Mimi sauti yake naijua, naisikia bafuni kila siku ya Mungu. Kopo likamtoka mkononi.

Ulipoisha, mtangazaji akasema kwa sauti iliyolowa, "Wapenzi wasikilizaji, samahanini. Nashindwa." Mtangazaji huyo huyo mwaka uliopita alimwita Dhoruba jenereta bovu.

Niseme haki ya mjomba: alipanda juu saa hiyo hiyo, hata chakula hakuokota. Alimkuta mkurugenzi na maua mezani. Akamweleza. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango, akasema maneno ambayo mjomba alinirudia neno kwa neno.

"Fundi, sijasikia ulichosema. Ukisema tena nitasikia. Nikisikia, wimbo unafutwa kila mahali ulipo. Na wa kuufuta ni wewe, kwa sababu fundi tunaye mmoja. Sasa, ulikuwa unasemaje?"

Mjomba akasema alikuwa anauliza kama ataruhusiwa kwenda kung'oa jino.

Basi, nchi ikapata wazimu. Gazeti moja liliandika ukurasa mzima kwamba siku zake za mwisho Dhoruba aliiacha ngurumo, akaikuta amani. Jingine lilisema sauti ile inaonyesha mtu aliyekiona kifo kinapiga hodi. Mhadhiri mmoja wa muziki alikizungumzia kile kimya cha kabla ya ubeti wa mwisho kwa dakika kumi na tano, akasema ni kimya kinachozungumza. Kilikuwa kinazungumza kweli. Kilikuwa kinasema, loo, gego langu.

Utauliza wapiga vyombo walikuwa wapi. Mpiga ngoma alijua, mpiga gitaa alijua, wa besi alijua tangu pumzi ya kwanza. Lakini walikuwa wameshapewa ziara ya kumbukumbu ya miji sita, hoteli na nauli juu ya kampuni, na aliyetiwa tonge mdomoni haongei. Nami nilijua. Nilikuwa na daftari la wageni mezani kwangu linaloonyesha kwamba Jumanne ile Dhoruba hakuingia studio, na nilikaa kimya kwa sababu nami naupenda mshahara wangu. Usidhani nasimulia haya nikiwa nimevaa nyeupe.

Mke wa mjomba, ambaye mimi namwita Anti, ndiye alikuwa kiboko. Huyu amempenda Dhoruba tangu usichana wake. Mjomba akiimba bafuni, Anti hugonga mlango na kumwambia aweke mafuta kwenye bawaba. Sasa wimbo wa kumi na mbili ukapigwa jikoni kwetu, na Anti akaacha kukatakata vitunguu, akalia machozi ambayo si ya vitunguu.

"Sikiliza hiyo," akasema. "Huyo ndiye mwanamume anayejua kuomba radhi. Siyo nyie mnaokohoa tu."

"Ongeza sauti," akasema mjomba.

Nilimtazama usoni. Mtu mzima, miaka hamsini na nane, amefumba macho, anatabasamu na shavu lake la jino. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku nilipofaulu mtihani, na siku ile alinunua soda kreti nzima.

Baadaye nilimfuata uani alikokuwa anaanika sweta. Nikamwambia, "Mjomba, hii itatufikisha pabaya."

"Mpwa wangu," akasema, "miaka kumi na minane naimba na najifuta. Mara moja tu sikuwahi kujifuta. Mara moja! Na mara hiyo nchi nzima imelia, na mke wangu ameacha vitunguu. Unataka nijifute tena?"

Nikamsaidia kubana vibanio.

Yangeishia hapo, na sisi sote tungeendelea kuwa waongo wenye furaha, kama si mkurugenzi kutaka sherehe. Albamu inauzwa, lakini yeye alitaka iuzwe zaidi. Akakodi ukumbi, viti vya vitambaa vyeupe, na kwenye kiti cha mbele akamkalisha mama mzazi wa marehemu. Mama Dhoruba ana miaka themanini na mmoja, anaishi peke yake, anajifulia, anajipikia, na alimzaa yule mtu, kwa hiyo uvumilivu si mgeni kwake. Wakaupiga wimbo kwenye spika ukubwa wa makabati. Watu wakalia kwa zamu, kila kamera ilipowaelekea. Kisha mshereheshaji akampa mama kipaza sauti.

"Wimbo mzuri," akasema Mama Dhoruba. "Lakini huyo anayeimba si mwanangu."

Ukumbi ukawa kimya, na kimya hicho kilizungumza kuliko cha mhadhiri.

"Mwanangu nilimsikia akilia, akicheka na akiniongopea," akaendelea. "Huyo simjui. Mwanangu yuko wapi humu?"

Mshereheshaji, ambaye analipwa kwa ajili ya dharura kama hizo, akamnyang'anya kipaza sauti kwa adabu. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, jamani! Tumpigie mama makofi!" Na watu wakapiga makofi. Makofi hayo yalikuwa ya kumwambia mwanamke kwamba hana akili tena. Mjomba alikuwa safu ya tatu, nami ubavuni kwake. Alipiga makofi matatu, mikono ikamshinda.

Makofi yaliisha, maneno hayakuisha. Mama Dhoruba ana binti, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke wa ofisi, mwenye haraka ya maisha. Sio mbaya, tusimwonee. Lakini aliaibika mbele ya kamera, na aibu ikitafuta pa kutokea haikosi mlango. Akaanza kuhesabu: mama aliacha bomba wazi mwezi uliopita, mama alimwita mjukuu kwa jina la baba yake, na sasa mama hata sauti ya mwanawe haitambui. Akampeleka kwa daktari, daktari akauliza leo ni tarehe ngapi. Uamuzi ukapita: mama haishi tena peke yake. Nyumba itafungwa, mama atahamia kwa binti, ghorofa ya tano, chumba cha nyuma, na msichana wa kumchunga asitoke nje. Siku ya kuhama, Jumamosi.

Mimi haya nimeyajuaje? Nimeyajua kwa sababu Mama Dhoruba alikuja mwenyewe mapokezi, Jumatatu ya wiki hiyo, kapanda ngazi zote kwa miguu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Namtaka yule anayekaa kwenye mashine."

Akanieleza habari hizo zote, nami nikaenda kumwita mjomba. Mtu mzima alikuwa amejifungia chooni. Nikagonga, akasema kwa sauti ya chini niseme hayupo. Nikarudi nikasema hayupo. Mama akanishukuru, akashuka ngazi moja moja, ameshikilia ukuta.

Jumatano akarudi. Safari hii walikutana uso kwa uso, mjomba ana waya shingoni. Mama Dhoruba hakupoteza muda.

"Baba, binti yangu anasema nimechanganyikiwa. Inawezekana, uzee una mambo yake. Kama nimechanganyikiwa niambie, nitakwenda huko ghorofani bila kelele. Sitaki kumsumbua mtu. Nataka tu kujua kama masikio bado ni yangu. Aliyeimba ni mwanangu?"

Mjomba aliuvuta waya shingoni.

"Ni yeye, mama," akasema. "Machozi hubadilisha masikio. Pole sana."

"Ahaa." Akatikisa kichwa mara mbili. "Basi nisamehe baba, nimekupotezea muda." Alipofika kwenye meza yangu akasimama, akaniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia Jumatano. Akauliza tena kama nina hakika. Mwanamke aliyepanda ngazi anajua kila kitu, ameshuka hajui hata siku.

Mlango ulipofungwa tu nilimgeukia mjomba wangu, na adabu zote niliziweka kando, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Sasa umeimba vizuri! Umeimba mpaka umemtoa mwanamke wa watu akili! Kisa? Kisa Anti ameacha vitunguu! Hongera, gwiji. Jumamosi wakimfungia ndani, umwekee na wimbo."

Alisimama tu na waya wake shingoni. Hakunikemea, na angenikemea ningejisikia nafuu.

Ya baada ya Jumamosi niyamalize hapa hapa, maana hayana heshima ya kukaa mwishoni. Albamu ilitolewa upya ikiwa na nyimbo kumi na moja. Mkurugenzi alitangaza kwamba kampuni ilihadaiwa na mtumishi mmoja. Yule mtangazaji aliyeshindwa kusema alishinda, akasema yeye tangu mwanzo aliisikia ile sauti ina kasoro. Mhadhiri aliandika kwamba kile kimya kilikuwa dalili ya wazi ya mtu asiye na kipaji. Kilemba kilikuwa cha ukoka, kikanyauka siku moja. Wimbo ulifutwa kila mahali, na aliyeufuta ni mjomba, Jumatatu saa mbili asubuhi, sweta mwilini na penseli sikioni. Kisha wakamwacha na kazi yake, si kwa huruma, bali kwa sababu hakuna mwingine anayeujua ule msitu wa nyaya. Na Anti hakuongea siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Kwa hiyo miezi miwili nimemlilia huyu huyu anayekoroma?" Nikasema ndiyo. Akamwagiza aimbe pale pale jikoni. Mjomba akaimba. Anti akamsikiliza kwa makini, akasema kweli ni yeye, lakini lile jino lilikuwa linamsaidia.

Haya, turudi Jumamosi.

Saa tatu asubuhi mjomba alivaa shati la kitambaa, akanigongea mlango. "Chukua daftari lako la wageni," akasema. Nyumba ya Mama Dhoruba ni ya vyumba vitatu, ukuta wa manjano, varanda ya saruji iliyopasuka. Tulikuta lori dogo nje. Kabati lilikuwa limeshatolewa, limelala chali uani, na vyombo vimefungwa kwenye magazeti. Binti alikuwa anasoma orodha. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya sebule tupu, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Mjomba alisimama mlangoni. "Hodi," akasema, na bila kusubiri karibu akamaliza yote: "Aliyeimba ni mimi."

Binti aliinua macho kwenye orodha. "Samahani, kaka?"

"Wimbo wa kumi na mbili. Aliyeimba ni mimi. Marehemu alikuwa aje Alhamisi, akafariki Jumatano. Mama yako hajachanganyikiwa. Mama yako, kati ya watu wote wa nchi hii, ndiye peke yake mwenye masikio. Mimi nilimwongopea Jumatano, kwa makusudi, nikiwa na akili zangu timamu."

"Kaka, tuna msiba na tuna lori linalosubiri," akasema binti. "Tafadhali."

Nikamfungulia daftari pale kwenye Jumanne. Mpiga ngoma, kaingia saa tatu. Gitaa, saa tatu na robo. Besi, saa tatu na nusu. Dhoruba hakuna. Akaisoma mara ya kwanza akiwa na haraka, ya pili bila haraka. Akasema daftari linaweza kukosewa. Hapo ndipo mjomba alipoimba. Aliimba wimbo wote, kwa mdomo nusu, mkono shavuni kulikumbuka jino, na kabla ya ubeti wa mwisho, pale palipokuwa na kile kimya, akanyamaza. Wapagazi wawili wa lori walisimama na godoro katikati yao.

Binti alikaa chini juu ya boksi la vyombo. Kitu kilivunjika ndani yake, nadhani ni sahani. "Mama," akasema. "Mama, nisamehe." Akaanza kulia, na huyu hakuwa na kamera.

Mama Dhoruba hakumtazama kwanza. Alikuwa anamtazama mjomba, na wala si kwa upole.

"Nilipanda ngazi zile mara mbili," akasema.

"Ulipanda, mama."

"Nikakuuliza kwa mdomo wangu. Ukaniambia machozi."

"Nilikwambia."

"Siku tatu nimelala nikijiuliza kama hata hao wanangu niliwazaa au niliota. Kwa sababu ya wewe kusikika redioni."

Ningependa kukwambia alitubu kwa maneno mazuri, lakini alisimama tu akitazama viatu vyake. Mama akamwacha aoge aibu yake mpaka imtoshe. Kisha akawaambia wapagazi warudishe godoro chumbani, kabati lisimamishwe pale pale lilipokuwa, na binti yake afute machozi achemshe maji.

"Maneno ni ya nani?" akamuuliza mjomba.

"Ya kwake. Kwa mkono wake." Mjomba akatoa mfukoni ile karatasi aliyoachiwa mlangoni, imekunjwa mara nne. Alikuwa ameitunza.

"Miezi miwili wananipigia wimbo huo, sijasikia hata neno moja. Kila ukianza nabishana na sauti yako." Akavuta kiti cha pili, akakipapasa. "Kaa hapa."

Mjomba akakaa. Akakohoa kusafisha koo, akanyoosha mgongo, akavuta pumzi kama anavyovuta mbele ya kipaza sauti.

"Usiimbe," akasema mama. "Sitaki kukusikia ukiimba. Nisomee."

Nilimwona mjomba wangu akiiachia ile pumzi yote. Akaishika karatasi karibu na macho, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa.

"Nachelewa lakini naja. Usifunge mlango wa nyuma."

"Mlango wa nyuma haujawahi kufungwa," akasema mama. "Kitasa kilivunjika yeye yuko darasa la tano, na aliyekivunja ni yeye."

"Chakula changu kifunike. Ukali uuweke kando."

"Nilifunika." Akajifuta uso kwa kiganja, kwa hasira. "Miaka yote ile nilifunika, mpumbavu yule, hakuja kula. Haya. Soma mbele."

Mjomba akasoma mbele.